Sabufa ya Gari Dogo: Uliza Lita na Kilo Kabla ya Wati

Mwenye gari dogo akienda kutafuta sabufa, iwe Kariakoo hapa Dar es Salaam, iwe Luthuli Avenue kule Nairobi, swali la kwanza atakaloulizwa ni wati ngapi. La pili ni inchi ngapi. Maswali yote mawili ni halali, ila yametangulia foleni. Kwa gari dogo, la kwanza ni boksi lina lita ngapi, na la pili ni mzigo wote una kilo ngapi. Wati na inchi zifuate nyuma. Hilo ndilo nitakalolitetea jioni hii, na sitalitetea kwa maneno matupu. Tutapiga hesabu pamoja.

Tuchukue gari moja tunalolijua sote ili tusielee hewani. Toyota Vitz, ile ya injini ya silinda tatu, cc 1000 kasoro kidogo. Gari zima halifiki tani moja, na injini yake inatoa nguvu ya farasi 70 hivi. Ndani yake mnapanda watu wanne, watano mkibanana, na buti linabeba mizigo ya sokoni na begi moja la safari. Kila kilo unayoiweka humo ina mwenye kuilipia, na huyo ni wewe.

Sasa chukua muziki unaopendwa sana mtaani: sabufa mbili za inchi 12 ndani ya boksi moja la MDF lenye matundu ya hewa. Ubao wa MDF wa milimita 18 una uzito wa takriban kilo 13 kwa kila mita moja ya mraba. Boksi la lita mia moja, ukihesabu kuta zake zote na ule ubao wa katikati unaotenganisha spika, linakula karibu mita mbili za mraba. Hizo ni kilo 25 za mbao tupu. Sabufa zenyewe, zile za sumaku nzito, ni kilo nane au tisa kila moja. Amplifaya, nyaya na vikorokoro vyake ni kilo tano au sita. Jumlisha, unakaribia kilo 50. Ni mfuko mzima wa saruji, msikilizaji, umepakiwa kwenye buti siku ya kwanza na hautashushwa tena.

Mzigo huo haukai katikati ya gari. Umekaa nyuma kabisa, nyuma ya ekseli ya nyuma. Springi za nyuma zinabonyea, pua ya gari inainuka kidogo, na magurudumu ya mbele, ambayo kwa Vitz ndiyo yanayovuta na ndiyo yanayokata kona, yanapungukiwa uzito wa kuyakandamiza barabarani. Taa nazo zinapanda, ukikutana na mwenzako usiku unampiga nazo usoni. Na ukipandisha mlima wa Kitonga ukiwa na familia, wale farasi 70 watakukumbusha kila kilo uliyopakia.

Kuna jambo zito zaidi, na mafundi wengi hawalitaji. Boksi lisilofungwa ni hatari. Tuseme gari lina mwendo wa kilomita 50 kwa saa, likagonga na kusimama ndani ya nusu mita. Kila kitu kilichomo kinasukumwa mbele kwa nguvu ya takriban mara 20 ya uzito wake. Sabufa na boksi la kilo 40 litakuja mgongoni mwa abiria wa nyuma kama kitu cha kilo 800. Usitegemee kiti cha nyuma cha gari dogo kuzuia kitu hicho. Kwa hiyo wepesi, msikilizaji, ni usalama vilevile. Na hata boksi jepesi lifungwe kwa mikanda au kwa bolti kwenye bodi ya gari. Kuliegemeza kwenye kiti na kuamini kapeti italishika ni kujidanganya.

Haya. Mtu ataniuliza, sasa nikipunguza ukubwa si nitapoteza besi? Hapa ndipo penye habari njema, na ndipo gari dogo linapolipiku gari kubwa.

Sauti ni mawimbi ya hewa. Besi ina mawimbi marefu. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo sauti ya hezi 50 ina wimbi la urefu wa karibu mita saba. Vitz yenyewe, kutoka kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma, haina nafasi ya mita saba. Ina mita mbili na nusu hivi. Wimbi halipati pa kujinyoosha. Badala ya kusafiri, sabufa inakuwa kama inaibana na kuiachia hewa yote ya ndani kwa pamoja, na masikio yako yako ndani ya hewa hiyo. Matokeo yake, kuanzia hezi 70 hivi kwenda chini, gari lenyewe linaanza kuongeza besi. Kinadharia, kila hezi zinaposhuka nusu, unaongezewa desibeli 12. Kiuhalisia unapata pungufu ya hapo, kwa sababu milango na paa la bati vinatikisika, na hewa inavuja. Lakini hata ukipata desibeli sita tu, umepata sawa na amplifaya yenye nguvu mara nne, na hukulipa hata shilingi.

Umeona? Mwenye basi dogo hana zawadi hiyo kwa kiwango hicho, kwa sababu chumba chake ni kirefu na msaada huo unaanzia chini zaidi. Mwenye Vitz anayo tangu siku aliyolinunua gari. Anayeweka sabufa mbili za inchi 12 humo anatumia fedha kutafuta kitu ambacho gari lilishampa.

Sharti moja tu: vioo. Ukifungua madirisha yote, kama tunavyofanya wengi ili kuokoa mafuta ya kiyoyozi, ile hewa uliyokuwa ukiibana inatoka nje na besi inapungua. Kwa hiyo unapokwenda kusikiliza na kupanga muziki, panga vioo vikiwa vile unavyoendeshea kila siku.

Sasa tuje kwenye boksi. Kuna kanuni moja ambayo watu wa spika wanaiita Kanuni ya Chuma ya Hofmann. Josef Anton Hofmann alikuwa mmoja wa watu watatu walioanzisha kampuni ya spika ya KLH huko Marekani mwaka 1957; ile H ya mwisho ni jina lake. Kanuni yake inasema hivi: besi inayoshuka chini sana, boksi dogo, na sauti kubwa kwa umeme kidogo, katika hayo matatu utapata mawili. La tatu lazima uliachie. Hakuna fundi wala kiwanda kinachokupa yote matatu, na anayekuambia anayo anakuuzia maneno.

Mwenye gari dogo achague nini? Boksi dogo halina mjadala, buti ndilo limeshaamua. Kati ya mawili yaliyobaki, achague besi inayoshuka chini, na akubali kutumia umeme kiasi. Na kwa kuwa chumba cha gari kinamsaidia kule chini, hasara yake ya umeme inakuwa ndogo kuliko ile anayoipata mtu wa sebuleni.

Maboksi yenyewe ni ya aina mbili kuu. Kuna boksi lililozibwa pande zote, hewa haitoki. Na kuna boksi lenye tundu au bomba la hewa. Boksi la tundu linapiga kwa nguvu zaidi kwa wati zilezile, hasa karibu na hezi lililopangiwa, tuseme hezi 35 au 40. Ila linataka lita nyingi, mara nyingi zaidi ya mara moja na nusu ya boksi lililozibwa, kwa hiyo ni mbao nyingi na kilo nyingi. Na chini ya hezi zake hizo, sauti inaporomoka ghafla na koni ya spika inabaki haina cha kuishikilia, inaweza kuchapa hadi ikaharibika.

Boksi lililozibwa linashuka taratibu, desibeli 12 kila hezi zinapopungua nusu. Sasa kumbuka tulichosema dakika chache zilizopita: gari linapanda kwa kiasi kinachoelekea hicho hicho, kuanzia hezi 70 kwenda chini. Moja linashuka, jingine linapanda. Yakikutana, unabaki na mstari ambao hauko mbali na kunyooka. Ndiyo maana nasema boksi lililozibwa na gari dogo ni maharusi.

Na muziki wetu unasemaje? Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne una hezi 41. Rumba, dansi, taarab ya kisasa, rege, vyote vinasimama juu ya gitaa hilo. Unataka kusikia kidole kinapohama kutoka uzi hadi uzi. Ukisikia ngurumo moja tu isiyobadilika, ujue boksi limepangwa vibaya. Singeli nayo ina mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Sabufa isiyojua kunyamaza haraka itayaunganisha mapigo yote yakawa mvumo. Boksi lililozibwa linanyamaza vizuri. Mpenzi wa amapiano, anayetaka ule mdundo mzito uvute nguo, yeye atalionea wivu boksi la tundu, na simlaumu. Basi na achukue sabufa moja ya inchi 10, apangiwe tundu kwa hesabu ya sabufa hiyohiyo, na aridhike na moja.

Nimesema hesabu ya sabufa hiyohiyo. Hili ni la kusisitiza. Boksi halikatwi kwa macho. Neville Thiele wa Australia aliandika mwaka 1961 namna ya kukadiria boksi kutokana na tabia za spika, na Richard Small, akiwa Chuo Kikuu cha Sydney, akaiendeleza kazi hiyo miaka ya mwanzo ya 1970. Tangu hapo, sabufa yoyote ya maana inakuja na karatasi yenye namba zao. Ukiifungua utaona Fs, Qts na Vas. Fs ni hezi ambazo spika inapenda kutikisika yenyewe. Vas inakupa picha ya lita ambazo spika inazihitaji. Qts inakuambia aina ya boksi: kwa desturi ya mafundi, chini ya 0.4 inaelekea boksi la tundu, na kati ya 0.4 na 0.7 inaelekea boksi lililozibwa. Mara nyingi karatasi hiyohiyo inakutajia lita moja kwa moja. Sabufa isiyo na karatasi, na muuzaji hajui namba zake, iache palepale hata kama koni yake inameta kama dhahabu.

Ili upate picha: inchi 8 nyingi zinatosheka na lita nane hadi 12 za boksi lililozibwa, inchi 10 zinataka lita 15 hadi 25, na inchi 12 lita 30 hadi 40. Kwa Vitz, Passo au Demio, mimi nasema inchi 10 moja. Inchi 8 kama una mtoto mwenye kigari chake cha kusukumwa kinachohitaji buti kila siku.

Tupige hesabu ya boksi letu. Chukua vipimo vya ndani, siyo vya nje. Upana sentimita 30, urefu wa kwenda juu sentimita 30, kina sentimita 25. Zidisha, unapata 22,500. Gawa kwa 1000, hizo ni lita 22 na nusu. Toa lita mbili na nusu za mwili wa spika na mihimili ya ndani, unabaki na lita 20. Boksi hilo linaingia kona ya buti na begi linabaki na pa kukaa.

Mbao zipi? Mafundi wengi wanakimbilia MDF, kwa sababu inakatika vizuri na bei yake inavumilika. Ila ni nzito, na ina maadui wawili katika pwani yetu: unyevu wa hewa na maji ya kuoshea gari. MDF ikinywa maji inavimba, skrubu zinalegea, boksi linaanza kuvuja hewa. Plaiwudi nzuri ya milimita 12, ile ya tabaka nyingi iliyogandishwa kwa gundi isiyoogopa maji, ina kilo saba hadi nane kwa mita ya mraba. Boksi letu la lita 20 likiwa la MDF ya milimita 18 lina kilo saba hadi nane. Likiwa la plaiwudi ya milimita 12 lina kilo tano kasoro.

Fundi atakuambia milimita 12 ni nyembamba, itatikisika. Anasema kweli, kama utaiacha bila msaada. Dawa yake ni mhimili. Weka kipande cha mbao ndani, kinachoshika ukuta wa kushoto na wa kulia katikati yake, na kingine cha juu na chini. Ukuta uliogawanywa mara mbili ni mgumu kuliko ukuta mnene usio na kitu katikati. Ule ubao wa mbele tu, unaobeba spika, ndio uunganishwe vipande viwili viwe milimita 24. Viungo vyote gundi ya mbao na skrubu, halafu silikoni kwa ndani, uisubiri ikauke kabisa kabla ya kufunga spika. Mwisho, jaza ndani nyuzi za polista, zile za kujazia mito, bila kuzishindilia. Zinapunguza kasi ya hewa kupata joto inapobanwa, na spika inajiona iko kwenye boksi kubwa kidogo kuliko ilivyo.

Baada ya mbao, tupime spika yenyewe. Uzito mwingi wa sabufa uko kwenye sumaku. Sumaku ya kawaida ni ya feraiti, nyeusi, nene, na ni bei nafuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Sumitomo huko Japani na wa General Motors huko Marekani, kila upande kivyake, waligundua sumaku ya neodimiamu. Kwa nguvu ileile, yenyewe inatumia sehemu ndogo tu ya uzito wa feraiti. Sabufa za neodimiamu zipo, ni nyepesi, na nyingi ni fupi kwa kina, ila bei yake inauma. Ukipata, vema. Usipopata, chukua ya feraiti yenye sumaku moja ya wastani, kilo nne au tano. Zile zenye sumaku mbili au tatu zilizobandikwa mgongoni zimetengenezwa kwa mashindano ya kelele, na Vitz yako haishindani na mtu.

Sasa jumlisha upya. Sabufa ya inchi 10, kilo nne na nusu. Boksi la plaiwudi, kilo tano. Amplifaya ndogo, kilo mbili. Nyaya, kilo moja na nusu. Kilo 13. Kutoka kilo 50.

Kuna wanaotaka kupungua zaidi, nao wapo sawa. Kuna sabufa za chini ya kiti, inchi 8, ndani ya kasha la alumini, amplifaya imo humohumo. Kilo nne hadi sita kwa jumla, kimo chake sentimita saba au nane. Kwa mtu anayesikiliza taarifa ya habari na muziki wa wastani, inatosha. Hatapata mtikisiko wa kifua, atapata besi iliyokamilika. Ila apime nafasi chini ya kiti akiwa amekaa mtu mzima juu yake, na asogeze kiti mbele na nyuma aone reli haigusi kitu. Na kama njia yake ya kila siku ni Jangwani hapa Dar es Salaam msimu wa masika, akumbuke kwamba maji yakiingia ndani ya gari huanzia sakafuni.

Njia ya kufunga spika bila boksi, kwenye ubao wa nyuma ya kiti, iache kwa wenye gari za buti lililojitenga. Kwenye gari la mlango wa nyuma kama Vitz, kile kibao cha kufunikia buti hakitenganishi hewa ya mbele na ya nyuma ya koni. Zinakutana na kufutana, na besi inapotea.

Sasa ndiyo tuje kwenye wati, mwisho wa foleni panapostahili. Debe tupu haliachi kuvuma, na karatasi za amplifaya zinavuma kuliko debe. Utaona wati 2000, wati 4000. Usibishane. Mwambie tu muuzaji, "Kaka, naomba nione fyuzi yake." Atakujibu, "Bosi, hii mashine ni wati elfu mbili, angalia boksi lake." Wewe geuza amplifaya, angalia ile fyuzi pembeni ya terminali. Imeandikwa 30. Ampea 30 mara volti 14 za gari linalounguruma ni wati 420, na hizo ni wati zinazoingia. Zinazotoka lazima ziwe pungufu ya hizo. Amplifaya ya klasi D hutoa karibu asilimia 80 hadi 85 ya inachokula, na za klasi AB hutoa nusu au zaidi kidogo, zilizobaki zinageuka joto. Kwa hiyo elfu mbili zako, hata kwa klasi D, ni mia tatu na kidogo. Namba ya kuaminika ni ile yenye herufi RMS pembeni yake.

Na mia tatu za kweli zinatosha. Ukitoka wati 300 kwenda 600 unapata desibeli tatu tu, tofauti ndogo masikioni. Ili sauti ionekane imekuwa mara mbili, unahitaji takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Gari dogo halina umeme huo. Betri ya NS40 ina takriban ampea-saa 35, na alteneta za magari haya ni ndogo. Amplifaya ya klasi D ya wati 300 ikipiga mwisho wake inakula ampea 27 hivi, na kwa muziki wa kawaida wastani unashuka chini ya theluthi ya hapo. Hiyo alteneta inaimudu huku taa, feni na kiyoyozi vikiendelea. Amplifaya ya klasi AB ya wati 1000 za kweli inaweza kudai zaidi ya ampea 100. Hapo utaona taa za dashibodi zinacheza muziki pamoja nawe.

Nyaya: omba za shaba tupu. Nyingi zilizoko sokoni ni za alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ndani ukiona weupe, ni alumini, na kwa umeme uleule inahitaji waya mnene zaidi. Fyuzi kuu iwekwe kabla ya sentimita 45 kutoka betri, maana waya ukichubuka mahali pasipo na fyuzi unawasha gari moto. Waya wa ethi uwe mfupi, na rangi ya bodi ikwanguliwe hadi chuma kionekane.

Baada ya kufunga, fanya mambo matatu kabla hujalipa. Kwanza, kwenye redio au amplifaya, katia sabufa hezi 80 kwenda chini, na milango hezi 80 kwenda juu. Spika za milango zikipumzishwa besi nzito, sauti ya mwimbaji inasafika mara moja. Pili, kaa kiti cha dereva, piga wimbo wenye gitaa la besi, mwambie fundi abadilishe swichi ya 0 na 180, au ageuze waya wa sabufa. Upande mmoja besi itajaa, upande mwingine itapungua kama imemezwa. Chagua ule uliojaa. Mafundi wengi wanaruka hatua hii, na mteja anarudi kununua amplifaya kubwa zaidi kuponya ugonjwa wa waya uliogeuzwa. Tatu, shika kibati cha namba cha nyuma na kava la mlango wa buti huku muziki unapiga. Vikitetemeka, weka sponji au kipande cha ule mpira wa kuzuia mlio hapo tu. Usilifunike gari zima, maana mpira huo nao ni kilo tatu au nne kwa mita ya mraba, na utarudisha ule uzito tuliouhangaikia.

Ukinionea shaka kwamba inchi 10 moja haitoshi, fanya jaribio la bei rahisi kabla ya kununua. Mwombe fundi akuwekee sabufa hiyo na boksi lake kwenye gari lako, buti limefungwa, vioo juu, injini inaunguruma. Sikiliza kwa sauti unayosikilizia safarini, na usikubali sauti ya maonyesho ya dukani. Gari linapokwenda, mlio wa matairi na lami unaifunika besi kabla ya kitu kingine chochote, ndiyo maana spika za milango peke yake zinasikika kavu njiani. Sabufa ya gari dogo ina kazi ya kurudisha kile ambacho barabara imekichukua. Kazi hiyo inchi 10 iliyopangwa vizuri inaimudu. Inayobaki ni kelele ya kuwasikilizisha walioko nje, na hao, msikilizaji, hawakuchangia mafuta.

Kama fedha haitoshi kwa vyote mara moja, anza na spika nzuri za milango ya mbele, kisha boksi la plaiwudi na sabufa, na amplifaya ya klasi D iwe nayo siku hiyohiyo. Redio yenye skrini kubwa kwenye dashibodi inaweza kusubiri mwakani.